Debe la Kununulia, Debe la Kuuzia

Asalaam aleikum, msikilizaji. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Nazitoa zote tatu kwa makusudi, maana hapa kwetu Magomeni ukitoa moja ukaziacha mbili, kesho dukani atatokea jirani akuulize amekukosea nini.

Na Magomeni ninayoisema si ile ya Dar es Salaam, yenye Mapipa na Mikumi. Ya kwetu iko Kilosa mjini, na Mikumi yetu ina tembo.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya sheria ya Mungu. Usizime redio, sihubiri. Sina kanzu wala joho, na mke wangu anayenisikiliza hapo jikoni atakuwa wa kwanza kucheka nikijaribu. Nina swali tu, nalo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Mtaa wetu haujaacha kusali. Ijumaa watu hutandika mikeka nje ya msikiti, juani, kwa sababu ndani hapatoshi. Jumapili kwaya za makanisa jirani hushindana kwa spika mpaka hujui pambio lipi ni la nani. Ramadhani ikiingia, hata wauza chapati wasio Waislamu hutundika pazia mlangoni. Basi ninapoambiwa kwamba jamii imempa Mungu kisogo, huwa najiuliza ni jamii ipi hiyo, mbona nyumba zake zimejaa?

Wiki iliyopita, jioni kama hii, nilipita karibu na soko. Mhubiri alikuwa amesimamisha spika zake na watu wamemzunguka. Alikuwa anataja maovu ya zama hizi, na kwa kweli alikuwa na sauti nzuri. Akataja suruali za kubana. Akataja singeli na vigodoro. Akataja vijana wa kiume kusuka nywele, na wasichana kujipiga picha na kuzirusha kwenye simu. Sipingi kila kitu. Kigodoro kikipigwa mpaka saa tisa za usiku ukutani kwa mgonjwa, hiyo ni dhambi hata kama hakuna aya inayokitaja kwa jina. Lakini nilisimama pale karibu nusu saa nikingoja afike kwenye debe la kupunjia. Hakufika. Na nyuma yake, hatua kama ishirini tu, vijana wawili walikuwa wanapakia lumbesa kwenye Fuso.

Kwa ninyi wa mjini mnaonunua unga uliokwisha fungwa, lumbesa ni gunia lililojaa, halafu likajazwa tena. Mdomo haufungwi. Unaongezewa kipande cha gunia jingine au wavu, panashonwa, na juu panasimama kilemba. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Kile kilemba kiko nje ya sheria, na kiko nje ya bei. Mkulima anauza gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia na robo, pengine gunia na nusu. Wakala wa Vipimo wamekataza, mawaziri wamekataza, kila mkuu wa wilaya anayeletwa hukataza. Kilemba kipo.

Mkulima naye tusimfanye malaika. Akishajua kwamba atapunjwa juu, anaanza kupunja chini: magunzi, pumba, mahindi mabichi katikati, mara nyingine mawe. Kila mmoja anaiba kwa kujihami. Ukimuuliza mnunuzi, anakwambia wakulima wa siku hizi si waaminifu. Ukimuuliza mkulima, anakwambia hivyo hivyo. Na wote wawili wanasema kweli.

Nilianza kulijua jambo hili nikiwa darasa la tano, mwanzo mwanzo wa utawala wa Mzee Mwinyi. Mama alikuwa ananituma kupeleka mahindi kwa tajiri mmoja wa mtaa, marehemu sasa, na jina lake halitatusaidia kitu. Dukani mwake kulikuwa na madebe mawili. La kununulia lilikuwa limepondwapondwa kwa ndani hadi mbavu zikatoka nje. La kuuzia lilikuwa limegongwa kitako kikaingia ndani. Watoto hawafichwi kitu. Sisi tuliyapa majina. Lile la kununulia tuliliita Mjamzito, la kuuzia tuliliita Mgonjwa. Mama anapeleka madebe matano kwa Mjamzito, mwezi wa pili njaa ikibana anarudi kununua kwa Mgonjwa, na kila mara mahindi yanapotea mahali fulani katikati, kama vile nyumba yetu ina panya wasioonekana.

Tajiri yule alikuwa wa kwanza kufika nyumba ya ibada na wa mwisho kutoka. Dini yake sisemi. Bati za paa alinunua yeye.

Nilipokuwa mtu mzima nikafungua Kumbukumbu la Torati, nikakuta amri inayomkataza mtu asiwe na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Nilishtuka. Mjamzito na Mgonjwa wamo kwenye Biblia! Nikaenda kwa nabii Amosi, nikakuta anawasema wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa Sabato iishe, ili wafungue maghala, wapunguze kipimo na wapandishe bei. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa madrasa, akaniambia: kwenu ni mstari, kwetu ni sura nzima. Akanionyesha. Sura ya 83 imepewa jina la wapunjaji, watu ambao wakipokea hutaka kipimo kijae, wakitoa hupunguza. Akanikumbusha na habari ya Nabii Shuaibu. Alipotumwa kwa watu wa Madyani, baada ya kuwaita wamwabudu Mungu mmoja, jambo aliloligusa lilikuwa mizani. Hakuanza na mavazi yao wala ngoma zao.

Sasa nisaidie, msikilizaji. Mwaka huu mzima, umesikia hotuba moja ya Ijumaa, au mahubiri mamoja ya Jumapili, juu ya debe? Mimi sijasikia. Na nadhani sababu naijua. Binti mwenye suruali ya kubana hachangii bati. Mwenye debe anachangia.

Ndiyo maana nasema kwamba watu hawaiachi sheria ya Mungu kwa kuacha kusali. Wanaiacha huku wanasali, na zile sala zinawasaidia wasione kwamba wameiacha. Kuna vibaraza viwili mtaani kwetu ninavyovipita kila siku. Kimoja ni cha mzee mwenye alama ya sijda usoni. Cha pili ni cha mzee wa kanisa. Vyote viwili vimepangishwa zile mashine za kubeti zinazomeza sarafu za shilingi mia mbili. Watoto wa shule ya msingi wanatoka na hela ya daftari, wanapita hapo, wanaiacha. Wazee hao wawili wana hoja nzito kati yao juu ya nani ataingia peponi. Juu ya mashine hawana ubishi wowote, kodi inaingia mwisho wa mwezi.

Nisije nikaonekana nawasema watu tu. Na langu lipo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani. Mpaka wetu ni mkonge, kama mipaka mingi ya Kilosa. Mashamba makubwa ya katani yalipokufa, mkonge wake ulibaki ukawa ukuta wetu. Safu ile ilikuwa imechomwa moto wakati wa kusafisha shamba, kukabaki visiki vichache, na kila mmoja wetu alikuwa anavisoma visiki kwa macho ya tumbo lake. Shauri likafika mahali pa kuamuliwa. Mtu mmoja, simtaji yeye wala ofisi yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku ya kwenda kukagua wazee watahitaji maji ya kunywa. Nikatoa maji. Nikashinda. Nilipata hatua kama nne kwa urefu wa shamba lote.

Torati inamlaani mtu anayesogeza alama ya mpaka wa jirani yake. Mtume Muhammad naye alionya kwamba anayechukua ardhi ya mwenzake kwa dhuluma, hata kiasi cha shibiri, atavishwa shingoni tabaka saba za ardhi. Mimi sikuchukua shibiri, nilichukua hatua nne. Na nilivyokuwa najitetea moyoni, msikilizaji, ni hivi: kama nisingetoa mimi, angetoa yeye. Unaona? Ni lile lile la magunzi na kilemba. Naiba kwa kujihami.

Sasa nikupeleke mahali ambapo hesabu hii ilifikia mwisho wake.

Ukitoka Kilosa mjini kwa barabara ya Dumila unaipita Ilonga, penye chuo cha ualimu na kituo cha utafiti wa mbegu, kisha unaingia Rudewa. Katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, tarehe 8 Desemba mwaka 2000, wakulima 38 waliuawa na vijana wa wafugaji. Watu thelathini na wanane, siku moja. Wenye umri wangu tunakumbuka jinsi habari ilivyoshuka mjini kwa baiskeli na kwa malori, kila anayefika ana idadi kubwa kuliko aliyetangulia, na tukawa tunaomba wawe wanatia chumvi.

Nimewahi kuitazama tarehe ile kwenye kalenda. Ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Wakristo walikuwa kwenye Majilio, na kwa Wakatoliki siku hiyo hiyo ni sikukuu ya Bikira Maria. Mwaka mzima ungetafuta siku iliyojaa sala kuliko hiyo, ungepata chache.

Watu wa mbali hueleza kwamba wale ni wakulima na hawa ni wafugaji, uadui wao ni wa tangu Kaini na Habili. Ni maelezo rahisi, hayamgharimu mtu kitu. Ukweli ni kwamba ardhi ya bonde lile ilibanwa pole pole kutoka kila upande. Mashamba ya mkonge yalichukua kipande chake enzi za wakoloni. Hifadhi ya Mikumi ikatangazwa mwaka 1964. Wakulima wakazidi, wakashuka kulima kwenye ardhi oevu ambako ng'ombe walikuwa wakikimbilia kiangazi. Ng'ombe akiona mahindi mahali alipozoea kunywa maji hasomi hati. Yote hayo ni kweli, lakini ardhi imebanwa kwingi nchini bila watu 38 kuzikwa. Watafiti walioyachunguza mauaji yale na kuyaandika walirudi na jambo moja kubwa: rushwa katika ngazi mbalimbali za uongozi ilikuwa imeua imani ya watu kwa mamlaka. Na watu wakishaamini kwamba haki inauzwa, wasioweza kuinunua huitafuta kwa rungu, kwa panga na kwa mkuki.

Ndivyo tunavyosimuliana hata sisi wenyewe. Mkulima akilishiwa shamba, anakwenda kushtaki, anasikia aliyeshtakiwa ameshatoa chochote, hasara inaandikwa nusu. Mfugaji akizuiwa mifugo yake, anasikia faini inayobadilika kutegemea nani anaiandika. Yule anasema wenye ng'ombe wamenunua viongozi. Huyu anasema viongozi wamemfanya ng'ombe wake kuwa benki. Na kila mmoja, usiku, anasema maneno niliyoyasema mimi juu ya mkonge wangu: nisipotoa, mwenzangu atatoa.

Sisemi kwamba Mjamzito na Mgonjwa waliua watu Rudewa. Ninachosema ni kwamba haki nayo ilikuwa imekwisha tiwa kwenye debe, la kununulia na la kuuzia, na waliofanya hivyo walijifunza kazi mahali fulani. Wengi walijifunza wakiwa watoto, wamesimama kaunta na mahindi ya mama zao.

Ukiendelea na barabara ile ile mbele ya Rudewa unafika Msowero. Hapo ndipo kwa Mangungo. Kila mtoto wa shule Tanzania anamjua: tarehe 29 Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alimwekea karatasi, na karatasi ikasema Mangungo ametoa nchi yake yote, milele. Mwezi wa Februari uliofuata Kaizari akaipa kampuni ya Peters barua ya ulinzi, na ukoloni ukaanza. Peters alitoka katika nchi ya Kikristo, baba yake mwenyewe alikuwa mchungaji. Hadi leo mkataba mbovu ukisainiwa serikalini, wabunge husema tumefanywa akina Mangungo. Sisi watu wa Kilosa kidogo hutuuma, maana mzee wa watu hakujua Kijerumani. Siku hizi tunajua kusoma, na ziko karatasi za kuuza ardhi ya kijiji zilizosainiwa kwenye meza ya baa, kwa Kiswahili fasaha, na mhuri ukapigwa kabla nyama haijaiva.

Kuna jingine ambalo wahubiri wetu hulipenda, nalo ni mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulibomoa kingo zake ukaingia mjini. Maelfu ya watu walilala kwenye mahema. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa, treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi. Tukaambiwa Mungu amekasirika kwa sababu ya ngoma za usiku. Mimi si msemaji wa hasira za Mungu. Najua tu kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zitakazoharibu mto ndani ya mita 60 kutoka kingo zake, na kwamba milima ya juu kule tuliivua nguo sisi, gogo kwa gogo, na bustani zetu za nyanya tukazishusha hadi miguu ya mto. Mita 60 nazo ni kipimo. Nazo tuliziponda kitako kikaingia ndani.

Lakini nisiwaache na giza tupu. Sisi tuna Ulaya yetu, msikilizaji, usicheke, ni kata ya Kilosa kabisa na hakuna viza. Kuanzia mwaka 2012 vijiji vya upande ule, vikishirikiana na mashirika ya uhifadhi wa misitu, vilianza kuchoma mkaa kwa mpango: msitu wa kijiji unagawanywa vitalu, kitalu kimoja kinavunwa, vingine vinapumzika mpaka miti ichipue tena. Ushuru unalipwa kijijini, na hesabu zinasomwa mbele ya mkutano wa kijiji. Fedha zile zimejenga madarasa na kurekebisha huduma za afya. Nilivyosimuliwa, mikutano ya kwanza ilikuwa ya kelele tupu, watu hawaamini kwamba fedha inaweza kupita mbele ya macho yao ikabaki fedha. Hakuna aliyeokoka upya kwa ajili ya mpango ule. Vilabu vya pombe viko pale pale, na nasikia singeli inapigwa vizuri sana. Ila gunia linahesabiwa mbele ya watu.

Muda wangu unakwisha, fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Nimalizie na bibi mmoja.

Kuna bibi anauza maharage karibu na kwetu, kwenye kibanda cha mabua. Mizani hana. Ana kikombe cha plastiki, cha rangi ya kijani, na kila kikombe kinauzwa bei yake. Nimenunua kwake miaka na miaka. Kila akishapima anaingiza mkono kwenye beseni, anachota fumba la maharage, anakutupia juu. Sisi wote tunaliita nyongeza, na kwa ajili ya nyongeza ile anauza kuliko wenzake wote. Nyongeza, kama mjuavyo, ni mdogo wake lumbesa aliyelelewa vizuri: lumbesa mnunuzi anaipora, nyongeza muuzaji anaitoa mwenyewe.

Juzi, baada ya ule mhadhara wa sokoni, nilipita kwake. Nikamwambia, “Bibi, wewe peponi unapita moja kwa moja, kwa nyongeza hizi.”

Akaniangalia kama mtu aliyesikia mzaha wa kijinga.

“Nyongeza gani, mjukuu wangu? Kikombe hiki kiliachwa juani mwaka juzi, kikayeyuka, mdomo ukaingia ndani. Hakijai kama zamani. Nakurudishia ya kwako.”

Akachota fumba jingine, akaliangalia, akapunguza punje mbili tatu, akanitilia.